Jina Nililompa Tatu

Mwanangu Saumu,

Barua za watu wa kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye hajambo, wasiwasi wake ni kwa yule anayemwandikia. Hii naianza kinyume. Wewe hujambo, nimekuona asubuhi ukiumaliza mkate wa kumimina peke yako. Wasiwasi ni kwangu mimi.

Sasa ni baada ya Alasiri. Umevuka mto kwenda Bweni kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua hawatakuachilia kabla ya Magharibi. Watakuombea dua, watakulisha, watakulilia, kisha watakutajia wachumba wawili. Mimi nimekaa ukumbini na daftari lako la chuo, lile uliloacha nusu nzima bila kuandika kitu. Israfu hiyo umeirithi kwa marehemu baba yako. Kesho nitakupa barua hii stendi, nawe utaitia kwenye mkoba na usiifungue mpaka basi limeipita Muheza. Nina sababu ya kuitaja Muheza, nitaifikia.

Habari za sweta, za kula kwa wakati, za kutomwachia mtu yeyote pasipoti yako hata akiwa na tasbihi mkononi, hizo nimezisema tangu juzi mpaka ukaniita redio. Sizirudii. Nataka kukuambia jambo ambalo sijapata kukuambia kwa mdomo, na sababu ya kuliandika badala ya kulisema ni moja tu. Nikilisema utakuwa unanitazama.

Mwezi uliopita ulinisomea barua yako ya kuombea kazi. Ulikaa pale pale nilipokaa sasa. Ukanieleza kwanza habari za hiyo nchi, ambayo jina lake mpaka leo linanishinda ulimi, kwa hiyo niruhusu niiite kisiwa chako. Ukasema kutoka ncha hii mpaka ncha ile ni karibu kuliko hapa Pangani na Muheza, na bado wana bendera yao, rais wao na mahakama zao, na watu wanakimbilia huko. Ukaniambia kuhusu ile nyumba ya hifadhi utakayofanyia kazi. Wanawake waliopelekwa kutumika majumbani wakafungiwa ndani, pasipoti zao zikafungiwa kabatini. Wanaume walioshushwa na meli za uvuvi bila mshahara. Watu wanaosema wakirudishwa kwao watauawa, na hakuna anayejua kama ni kweli mpaka mtu akae nao awasikilize. Wewe utakuwa wa kukaa na wale wanaosema lugha yetu.

Kisha ukafika pale ulipoandika kwa nini unaitaka kazi hiyo. Nayakumbuka maneno. Uliandika kwamba umelelewa katika nyumba ambayo haikumfukuza mgeni. Kwamba ulipokuwa na miaka kumi alikuja mwanamke mmoja amechoka na safari, mama yako akamkaribisha, akampikia wali na samaki, akampa khanga yake mwenyewe, na wewe ukampelekea maji ya kunywa. Na kwamba siku ile ndipo ulipojua unataka kuwa mtu wa namna gani.

Ukainua macho uone kama nimefurahi. Nilikuwa nalia. Ukauliza kulikoni, nikasema moshi wa jikoni. Hapakuwa na moto jikoni, Saumu.

Yule mwanamke anaitwa Rehema. Ngoja nikuambie alikuwa nani.

Unajua kwamba nilikuwa balozi wa nyumba kumi, lakini ulikuwa mdogo na hukujua ubalozi wenyewe ulikuwa na uzito gani. Miaka ile ya foleni hakuna jambo lililoanza bila barua ya balozi. Mtoto kuingia shule, mtu kutaka kusafiri, mgeni kulala kwa jamaa yake, mfiwa kupata kibali cha sukari ya matanga, vyote vilianzia kwenye meza yangu. Niliandika mistari mitano, ofisi ya tawi ikagonga muhuri, na mtu akaaminiwa kokote aendako. Nilikuwa na miaka thelathini na wanaume wenye ndevu walivua kofia mlangoni wakaniita Bi Balozi. Nilipenda mno. Ukitaka kujua mzizi wa mambo yangu yote ya aibu, mmoja ni huo, nilipenda mno kuitwa Bi Balozi.

Mzizi wa pili ni sanda.

Bibi yako alifariki asubuhi, wewe ukiwa na miaka mitano au sita. Madukani hapakuwa na kitu. Nilipata kibali cha nguo ya kumzikia mama yangu, chenye muhuri, safi kabisa, na dukani nilikokwenda rafu zilikuwa na majani ya chai na viberiti. Mwenye duka akakisoma kibali, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima. Nikatuma watu mpaka Mwera. Nikabisha kwa wazee niliosikia wamejiwekea bafta zao sandukuni, na nani angempa mwingine sanda yake mwaka ule? Jua likawa linapanda. Mama yangu amelala chumbani, waoshaji wamekaa wanasubiri, na mimi nimeanza kufumua pindo za shuka la kitanda changu, lile la maua ya buluu, nikijiambia Mungu anatazama nia.

Ndipo akaingia Bi Zuwena. Alikaa nyumba ya tisa, mfanyabiashara, mwenye jamaa Mombasa na njia zake za kuvukisha vitu wakati mpaka umefungwa. Hatukuwa marafiki. Mimi kama balozi nilikuwa najua anauza magendo, naye alikuwa anajua kwamba najua. Aliweka kifurushi juu ya kitanda, ndani mna bafta mpya ya kutosha nguo zote tano za mwanamke, pamba, kafuri na kipande cha sabuni ya kuoshea. Nikataka kusema kitu, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Akakaa na waoshaji, akakata nguo kwa mkono wake.

Wewe utaenda nchi za watu ambao pengine hawatalielewa hili, lakini wewe ni wa Pangani, utalielewa. Aliyekupa chakula unaweza kumpa chakula. Aliyemsitiri mama yako utampa nini? Tangu siku ile nilipokutana na Bi Zuwena njiani nilipunguza mwendo na kuinamisha macho. Naye hakunitajia sanda hata mara moja. Hakuwa na haja.

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa, Bi Zuwena alikuja hapa na Rehema.

Rehema alikuwa mpangaji wa chumba cha uani nyumba ya tatu, mtu wa Muheza aliyeolewa huku akaachwa, mwanamke mzima, mwenye maneno machache na mikono ya ajabu. Alisuka ukili mwembamba hivi, mkeka wake ukiukunja unaingia mkobani. Bi Zuwena akasema amempatia kazi ya heshima kwa jamaa zake Mombasa, atasuka, atafundishwa na cherehani. Ila vibali vya kazi vina mlolongo mrefu. Ingekuwa rahisi kama barua yangu ingesema Rehema ni mpwa wake, mtoto wa kaka yake Khamis, anakwenda kumuuguza mgonjwa wa familia. Shangazi na mpwa wakifika mpakani Horohoro na barua ya balozi, hakuna atakayewashusha kwenye gari.

Nikachukua kalamu. Naomba uamini kwamba sikusita. Hapa kwetu mtu mzima yeyote ni mama, kila jirani ni shangazi, nami nikajidanganya kwamba nimeandika tu kile ambacho mdomo husema kila siku. Rehema aliisoma kabla sijaikunja. Akauliza, "Mimi ni mpwa wake tangu lini?"

Nikamjibu, "Ni maneno ya karatasi tu, mwanangu. Upite mpakani salama."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nimeyarudia peke yangu mara nyingi kuliko Fatiha.

Ikapita kama miaka mitatu. Ruksa ikaja, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, bafta inauzwa Tanga kwa majora na hakuna anayeuliza kibali. Bi Zuwena akafungua duka kubwa. Siku moja ya wiki ile unayoikumbuka, Jumanne, baada ya Adhuhuri, Rehema akaingia hapa ukumbini. Akasema shikamoo, nikasema marahaba, na sikumtambua mpaka alipokaa.

Alinieleza kwa utaratibu, bila machozi, kama mtu aliyejifunza maneno hayo njiani. Hakukuwa na kusuka wala cherehani. Aliwekwa nyumba moja, akahamishiwa nyingine, akapelekwa ya tatu, akipika na kufua kwa watu aliokuwa hawajui hata majina yao, mlango unafungwa kwa nje. Ujira wake alipokea Bi Zuwena. Mara mbili alitoroka akafika kituoni kwa askari. Mara zote mbili Bi Zuwena aliitwa, akaja na barua yangu. Askari akaisoma, akaona muhuri, akamgeukia Rehema akamwambia mambo ya shangazi na mpwa hayaletwi kituoni, arudi nyumbani akamwombe radhi mkubwa wake. Wakamkabidhi. Mkono kwa mkono.

Mara ya pili, waliporudi nyumbani, ndipo mkono wake ulipobanwa mlangoni. Vidole viwili vya kulia havikunji tena. Alinionyesha kwa kujaribu kuvikunja mbele yangu.

Na hakuja kunilaumu, hilo nataka ulijue. Alikuja kwa ajili ya Tatu. Tatu wa Bi Mashavu, huyu huyu jirani yetu aliyekuletea bagia za safari jana. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwandikia Tatu barua kama ile ya kwanza, neno kwa neno. Tatu binti Makame akawa Tatu binti Khamis, mpwa wa Bi Zuwena. Alikuwa aondoke Ijumaa. Rehema akasema, "Bi Balozi, andika nyingine. Useme mimi si mpwa wake, wala Tatu si mpwa wake. Muhuri ule ule. Nitaipeleka mwenyewe."

Nikamwambia kwanza ale.

Nikaingia jikoni nikapika. Nilitia nazi, nikamkaanga changu mzima, nikatafuta ndimu kwa jirani, nikapika kwa kadiri ya saa nzima ili nisimjibu. Ndipo nilipokuita umpelekee maji. Nilipoleta sinia akasema, "Sikuja kula." Nikamwekea khanga yangu mapajani, ile ya korosho nyekundu. Nikamwambia mambo ya barua yana taratibu zake, nitaangalia, apite Jumamosi. Alinitazama, akasema haya. Wewe ulikwisha toka kucheza, kwa hiyo hukuona kwamba wali ulibaki kama ulivyopakuliwa, na khanga aliiacha imekunjwa juu ya mkeka. Ni hiyo uliyoitaka jana utie sandukuni nikakukatalia kwa ukali, ukanuna. Haijavaliwa tangu siku ile. Sina haki ya kuivaa, na sikutaka uivae wewe.

Nilijiambia siwezi kumvunjia heshima mwanamke aliyemsitiri mama yangu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na inasikika vizuri, hata leo nikiiandika inasikika vizuri. Chini yake kulikuwa na nyingine. Niliogopa kufungwa. Na chini ya hiyo kulikuwa na ndogo kabisa, ya kitoto: sikutaka watu wa nyumba zangu kumi wajue kwamba Bi Balozi aliandika uongo.

Ijumaa Tatu akaondoka. Nilikuwa dirishani. Alikuwa amevaa viatu vipya na alinipungia mkono.

Jumamosi Rehema alirudi, kama nilivyomwambia. Nilimwona anakunja kona. Nikakuita wewe, Saumu, nikakuambia nenda mlangoni umwambie mama amekwenda shamba. Ulikuwa na miaka kumi. Ulimwamkia, ukausema uongo wangu kwa adabu zote, ukaongeza na la kwako kwamba nitachelewa kurudi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani, karibu kiasi kwamba nilisikia ulivyovuta pumzi. Rehema akakushukuru. Hilo hukuliandika kwenye barua yako ya kazi, na nadhani hulikumbuka kabisa, kwa sababu watoto hutumwa mambo mengi. Mimi nalikumbuka kwa niaba yetu wote wawili. Nyumba uliyolelewa ilimfukuza mgeni, na ikatumia sauti yako.

Tatu hakurudi. Habari ya mwisho aliyoipata mama yake ni kwamba kutoka Mombasa alipandishwa meli na familia moja kwenda visiwani. Visiwa gani, hakuna aliyejua. Bi Zuwena alisema yuko salama, kaolewa, hana nafasi ya kuandika. Bi Mashavu aliuliza huku na huku, akaandikiwa barua na watu wa dini na watu wa serikali, na kila mahali alitafuta Tatu binti Makame. Nani angempata Tatu binti Makame? Hakuna mtu wa jina hilo aliyevuka. Aliyevuka ni Tatu binti Khamis, na aliyemzaa huyo ni mimi, kwa kalamu, mezani hapa. Nililijua hilo miaka yote. Bi Mashavu alikuja nimsaidie kuandika barua za kumtafuta binti yake, nami nikamwandikia, na nikaandika jina la kweli, ambalo kwa kumtafutia halikuwa na faida yoyote.

Nimeinuka kidogo kuswali Magharibi. Shangazi zako bado wanakushikilia. Sawa.

Bi Zuwena alifariki mwaka juzi. Nilikwenda kumwosha. Unaona mama yako alivyo? Hata huu ujasiri wa leo umesubiri mtu azikwe kwanza. Na haukuja wenyewe. Ungekuwa umeandika barua yako ya kazi kwa maneno mengine, ungesema umesukumwa na kitabu au mwalimu, pengine ningekufa na yangu kifuani. Lakini uliposoma ile habari ya wali na samaki, nikajua unakwenda kukaa mbele ya akina Rehema ukiwa umebeba mfano wa uongo. Utawapokea vile nilivyopokea mimi. Utakuwa mkarimu, mwanangu, na ukarimu ndio niliojifichia mimi.

Sijui kazi yako, na sina cheo cha kukufundisha. Nakuambia tu nilichokiona. Kisiwa chako, kwa ulivyonieleza, ni nyumba kumi zilizoongezwa bendera. Askari ni binamu ya mwenye hoteli, karani amesoma na mke wa wakili, na daktari aliyekutibia homa ndiye mwenye jumba ambalo mlango wake unafungwa kwa nje. Watakukaribisha vizuri sana. Mwaka wako wa kwanza utapata shida fulani, Mungu aifanye ndogo, na mtu atakusaidia kabla hujaomba. Mshukuru. Lakini siku atakapokuja na jambo lake, jiulize ungemjibu nini kama ungekuwa humjui.

Na atakapoletwa mtu na karatasi inayosema huyu ni mtoto wa ndugu yangu, tafadhali iweke karatasi pembeni. Mtoe nje huyo shangazi, mtoe na mjomba. Umuulize mwenyewe anaitwa nani na nani alimpa jina hilo. Na akikuomba kitu kimoja, mpe hicho, au mwambie huwezi. Usimpe kingine mahali pake.

Sasa Muheza.

Unamjua yule mama wa machungwa pale stendi, anayekaa upande wa kivulini, anayeshika kisu kwa mkono wa kushoto? Unamjua vizuri, ulipokuwa unasoma Tanga ulikuwa unashuka kumfuata yeye tu, ukasema hakuna anayemenya kama yeye. Siku moja ulirudi ukaniambia amekuuliza kama wewe ni wa kwa Bi Balozi wa Pangani, ukasema ndiyo, akasema nisalimie mama. Nikajibu waalaykumu salaam nikaenda kuangalia nguo kama zimekauka. Miaka yote hii basi likisimama Muheza mimi huvuta ushungi mpaka puani na kujifanya nimelala. Majirani hunicheka kwamba safari hainifai kwa usingizi. Nimepita mbele ya Rehema nikiwa macho kila mara.

Leo, ulipoondoka tu, nilikwenda kwa Bi Mashavu. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na jina la Khamis nikamtajia mara mbili. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo maana hukuwahi kuniuliza habari zake." Na ni kweli, Saumu. Mtaa mzima ulimuuliza, kila sikukuu, Tatu vipi, mna habari. Mimi sikuuliza hata siku moja, na yeye alikuwa ameliona hilo. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Nilipoinuka akasema wewe bagia uzile, kwako hana neno, na kwamba ukifika huko ulitafute jina hilo lingine.

Kwa hiyo hilo ndilo ninalokuomba, na hapa siombi kama mama. Mnazo orodha huko, ulinieleza, za wanaotafutwa na waliopatikana, na mnaandikiana na visiwa vingine. Tafuta Tatu binti Khamis. Alikuwa na alama ya kuungua chini ya sikio la kushoto, na alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema. Sasa ni mtu mzima. Kama yu hai, yu hai kwa jina nililompa mimi.

Nimeandika karatasi ya pili, nimeikunja ndani ya hii. Muhuri sina tena, na ubalozi niliuacha zamani, lakini mwandiko ni ule ule na anayetaka kuulinganisha ataulinganisha. Inasema hivi:

Mimi Mwanahawa binti Kombo, niliyekuwa balozi wa nyumba kumi, Pangani, nathibitisha kwamba Rehema binti Abdalla, aliyekuwa mpangaji katika nyumba ya tatu, hakuwa mpwa wa marehemu Zuwena. Nathibitisha pia kwamba aliyeandikwa Tatu binti Khamis ni Tatu binti Makame, mtoto wa Bi Mashavu, wa hapa hapa. Niliandika barua mbili nikisema vinginevyo. Siku nilipoziandika nilikuwa najua ukweli. Rehema alikuja kuniomba nisahihishe kabla Tatu hajaondoka, nikamkatalia.

Niliandika nakala mbili. Moja ni hiyo yako.

Ulinisihi nikusindikize mpaka Dar es Salaam nikuone ukiingia uwanja wa ndege, nikasema mgongo hauniruhusu. Mgongo hauna tatizo. Kesho tutapanda basi pamoja, lakini tikiti yangu inaishia Muheza, na kama umetii ukasoma hii baada ya kupita, basi nimeshashuka. Umeniona nikivuka kwenda upande wa kivulini bila kugeuka dirishani. Nilikuwa nimekwisha kukuaga, nilikuaga kwa kukuandikia hii.

Sijui Rehema amesema nini. Pengine hakusema kitu, na hilo nalo ni haki yake. Nimempa nakala yake mkononi, nimemwambia nimechelewa miaka kumi na tatu, na nimesimama pale hadharani watu wa stendi wakisikia. Safari hii sikubeba chakula.

Mama yako,
Mwanahawa